Daftari Lisilo na Kosa

Miaka kadhaa iliyopita, katika kikao cha wazazi, mama mmoja aliliweka daftari la hisabati la mwanawe juu ya meza yangu, akaanza kulifunua ukurasa baada ya ukurasa bila kusema neno. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe iliyoandikwa kwa herufi kubwa zilizopinda, chini yake mstari uliopigwa kwa shida, na chini ya mstari huo hapakuwa na kitu. Pembeni palikuwa na alama ya vema niliyoiweka mimi mwenyewe kwa kalamu nyekundu, wiki baada ya wiki, muhula mzima. Alipofika mwisho alilifunga, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, huyu mwanangu huwa anafanya nini darasani?"

Mtoto huyo alikuwa na mtindio wa ubongo. Mikono yake ilikuwa mizito, maneno yalimtoka polepole na si kila mtu aliyeyaelewa, lakini alikuja shuleni kila siku na kuketi dawati la mbele, ambako nilimweka kwa nia njema. Nilimpenda. Niliwakemea waliomtania, nilimpa mwenzake kazi ya kumbebea mkoba, na wakati wa zoezi la hisabati ulipofika nilimwinamia na kumwambia: "Wewe usijisumbue, andika tarehe tu, halafu usikilize wenzako." Nilijihesabu miongoni mwa walimu wenye moyo. Swali la yule mama lilinikosesha jibu, kwa kuwa jibu la kweli lilikuwa kwamba mwanawe hafanyi chochote, na kwamba aliyemzoesha kutofanya chochote, akamwekea na vema juu yake, ni mimi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza kwa makini namna sisi walimu tunavyozungumza juu ya elimu jumuishi, yaani kuwafundisha watoto wenye ulemavu pamoja na wenzao katika shule za kawaida, na nimefikia rai ambayo nataka kuieleza kwa urefu. Walimu wanaowachukia watoto wenye ulemavu wapo, lakini katika miaka yangu yote ya kazi nimekutana na wachache mno. Wengi tuna huruma. Huruma hiyo haimtarajii mtoto kufanya lolote, nayo huandamana na hofu ambayo mwalimu huona haya kuitaja, hofu ya kwamba yeye mwenyewe hawezi. Viwili hivi vikikaa pamoja humfungia mtoto mlango akiwa tayari yumo ndani ya darasa.

Maneno yanayosemwa katika ofisi za walimu ni yale yale. "Mimi sikusomea hayo." "Wapo walimu wao." "Huyu atanishushia wastani wa darasa." "Namwonea huruma, lakini nitafanyaje na wengine wote hawa?" Mtu asiye wa kazi hii akiyasikia huona ubaguzi mtupu. Mimi niliwahi kuyatamka, na najua kilichomo ndani yake. Mwalimu amezoea kuonekana mjuzi mbele ya watoto, wazazi na mkuu wake. Anapoletewa mtoto ambaye hajui aanzie wapi kumfundisha, ujuzi ule aliouishi kwa miaka kumi au ishirini unatikisika, na ni rahisi zaidi kusema kwamba mtoto huyu si wa hapa kuliko kukiri kwamba mimi hapa sijui.

Watafiti wameligundua jambo hili zamani. Mwaka 1996 Wamarekani wawili, Thomas Scruggs na Margo Mastropieri, walizikusanya pamoja tafiti 28 za hojaji zilizofanyika kati ya mwaka 1958 na 1995, ambazo kwa jumla ziliwahusisha walimu 10,560. Karibu theluthi mbili ya walimu waliliunga mkono wazo la kuwafundisha watoto wenye ulemavu katika madarasa ya kawaida. Walipoulizwa kama wao wenyewe wangekuwa tayari kuwapokea darasani mwao, waliokubali walikuwa zaidi kidogo ya nusu. Walipoulizwa kama wana muda, ujuzi, mafunzo au nyenzo za kutosha, waliosema ndiyo walikuwa theluthi moja au pungufu. Zaidi ya hapo, majibu hayakuonekana kubadilika kwa kufuata miaka wala maeneo. Katika karibu miongo minne, sheria zilibadilika, majina ya idara yalibadilika, istilahi zilibadilika, na mwalimu akabaki akisema jambo lile lile: wazo ni zuri, ila mimi siwezi. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi, Anke de Boer na wenzake, walipitia tafiti 26 za baadaye wakakuta kwamba walimu wengi ama hawana upande ama wana mtazamo hasi.

Natamani wanaotunga sera wangeyasoma matokeo hayo kama maelezo ya mtu anayeomba msaada, badala ya kuyasoma kama ushahidi wa mioyo migumu. Kwa kuwa wameyasoma kwa njia ya pili, tiba wanayotuletea mara nyingi ni mahubiri. Tunaitwa kwenye semina ya siku mbili, tunaelezwa kwamba kila mtoto ana haki, tunaitikia kwa sababu ni kweli, tunapewa cheti, tunarudi kwenye darasa lile lile. Mwalimu hutoka pale akiwa na hatia zaidi kuliko alivyoingia, na ujuzi ule ule. Hatia haifundishi mtu namna ya kumwelezea mtoto asiyeona maana ya pembetatu.

Nitoe mfano niliouona kwa macho yangu. Mwenzangu mmoja, mwalimu hodari wa hisabati, aliniruhusu niketi nyuma ya darasa lake, ambamo alikuwamo mwanafunzi asiyeona. Alikuwa akitatua mlinganyo ubaoni, na sauti yake ilikuwa na uhakika kama kawaida yake: "Tunachukua hiki cha huku, tunakileta hapa, kinabadilika alama, halafu hiki na hiki vinakatana, tunabaki na hii." Mwanafunzi yule alikuwa mbele, mashine yake ya nukta nundu iko tayari, vidole vyake vimelala juu ya vitufe. Havikusogea. Hiki, huku, hapa, hii: maneno yote yaliyobeba maana yalikuwa vidole vya mwalimu vikielekeza ubaoni, na kwa asiyeuona ubao hapakuwa na sentensi hata moja. Baada ya kipindi nilimwomba mwenzangu ayarudie maelezo yale akiwa amefumba macho. Alianza, akasita, akanyamaza kwa muda. Kesho yake alisema: "Tunatoa 3x katika pande zote mbili, upande wa kushoto tunabaki na 2x, upande wa kulia tunabaki na 10." Vidole vikaanza kubofya. Kilichonishangaza zaidi ni wale wa madawati ya nyuma, watoto wanaoona vizuri kabisa, ambao kwa mara ya kwanza waliinua mikono kujibu. Nao walikuwa wamepotea katika hiki na hapa muda wote ule, tena hakuna aliyewaza juu yao kwa kuwa walikuwa na macho.

Mwenzangu hakuwa na mtazamo mbaya juu ya mtoto yule kabla ya siku hiyo, wala hakupewa hotuba yoyote. Alibadili sentensi, akaona mtoto ameandika, na kuanzia hapo namna alivyomzungumzia mtoto yule ofisini ikawa nyingine. Alianza kulalamika kwamba mwanafunzi huyo ni mvivu wa kufanya kazi za nyumbani. Nilifurahi mno kulisikia lalamiko hilo. Mtu huwezi kumwita mvivu mtoto ambaye hujamtarajia kufanya kitu.

Mtafiti wa elimu Thomas Guskey aliandika mwaka 1986 kwamba sisi walimu hatubadiliki kwa mpangilio unaodhaniwa na waandaaji wengi wa mafunzo. Wao hudhani kwamba imani hubadilika kwanza, kisha mwenendo, kisha matokeo ya wanafunzi. Yeye alieleza kwamba mwalimu hubadili kitu fulani katika ufundishaji wake, huona wanafunzi wakifaulu, na hapo ndipo imani yake inapogeuka. Mwanasaikolojia Albert Bandura naye alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1977 kwamba kinachompa mtu imani ya kuweza jambo, kuliko kutiwa moyo kwa maneno, ni kuwahi kulifanya likafanikiwa. Hata Tamko la Salamanca kuhusu elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu, lililotolewa Hispania mwezi Juni 1994 katika mkutano uliozikutanisha serikali 92 na mashirika ya kimataifa 25, lilisema kwamba shule za kawaida zenye mwelekeo jumuishi ndizo njia bora zaidi ya kupambana na mitazamo ya kibaguzi. Nikilisoma tamko hilo sasa naona kwamba lilitutaka tuanze na shule, mitazamo itafuata, ilhali sisi tumekaa tukiingoja mitazamo ibadilike ndipo tuanze shule.

Si kila ulemavu unaopokelewa kwa namna moja, na hapa huruma yetu inaonyesha mipaka yake. Uchambuzi uliofanywa na Elias Avramidis na Brahm Norwich mwaka 2002 ulionyesha kwamba aina na ukubwa wa ulemavu huathiri sana mtazamo wa mwalimu, na kila aliyekaa katika ofisi ya walimu anaweza kulithibitisha hilo bila utafiti. Mtoto anayetumia kiti cha magurudumu lakini akili na tabia yake ni kama za wenzake hupokelewa kwa tabasamu. Tatizo lake tunaliona kuwa ni la mafundi wa kujenga njia ya mteremko. Mtoto mwenye uoni hafifu hupokelewa kwa wasiwasi kidogo. Ukifika kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili, au mtoto mwenye usonji anayeziba masikio na kupiga kelele kengele inapolia, utasikia ghafla kwamba shule haijajiandaa. Tafsiri yangu ni kwamba tunampokea kwa urahisi yule asiyetudai tubadili ufundishaji wetu. Anayetulazimisha kubadili mwendo wa somo, kupunguza maneno, kutoa agizo moja kwa wakati mmoja badala ya matano kwa pumzi moja, huyo tunamwona mgumu, na ugumu wote tunautundika shingoni mwake.

Kuna tofauti hapa ambayo walimu wengi hatukufundishwa. Mwaka 2016 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Watu wenye Ulemavu, ikifafanua Ibara ya 24 ya Mkataba wa haki hizo uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006, ilitenganisha hali nne: kumnyima mtoto elimu, kumtenga katika mazingira ya peke yake, kumchanganya na wengine kwa sharti kwamba ajizoeshe na shule ilivyo, na kumjumuisha, yaani shule yenyewe kubadili mtaala, mbinu na mazingira yake ili imfae. Daftari lile tupu la mwanafunzi wangu lilikuwa la hali ya tatu. Alikuwa amechanganywa. Mwili wake ulihesabiwa katika mahudhurio kila asubuhi, na ningeulizwa na mkaguzi ningejibu kwa fahari kwamba darasa langu ni jumuishi.

Lugha yetu nayo imebeba historia ya mitazamo hii. Kiswahili kimemweka kipofu, kiziwi, kiwete na kilema katika umbo moja na kiti na kisu, ingawa katika upatanisho tunasema kipofu amekuja, wala hatusemi kimekuja, kana kwamba sarufi ilikataa kuimalizia kazi ambayo jina liliianza. Ninaunga mkono juhudi za kusema mtu asiyeona na mtoto mwenye ulemavu, na ninasikitika kila ninapomsikia mwalimu akisema "wale wasiojiweza." Hata hivyo wapo viziwi wanaojiita viziwi kwa fahari, kama watu wenye lugha na utamaduni wao, nao wasiulizwe na mtu yeyote kwa nini. Ninachokiogopa ni semina nzima kutumika kusahihisha maneno, mwalimu akatoka akitamka "mwanafunzi mwenye mahitaji maalumu" bila kukosea, kisha akarudi darasani na kumkalisha mtoto yule yule kwenye kona ile ile.

Nimewataja viziwi, na nisingependa kuwapita haraka, kwa maana habari yao inaonyesha mtazamo wa walimu unaweza kufanya nini ukipewa mamlaka. Mwaka 1880, mjini Milano, Italia, ulifanyika mkutano wa kimataifa wa walimu wa viziwi. Karibu wajumbe wote walikuwa watu wanaosikia. Walipiga kura kwamba kufundisha kwa kuzungumza na kusoma midomo ni bora kuliko lugha ya alama, na kwamba lugha ya alama iondolewe darasani. Walimu wale hawakuwachukia viziwi. Waliamini kwa dhati kwamba wanawatendea wema kwa kuwafanya wafanane na wengine. Katika nchi nyingi walimu viziwi walipoteza kazi, na vizazi vya watoto viliadhibiwa kwa kutumia mikono yao kuzungumza. Ilikuwa mwaka 2010, katika mkutano wa aina hiyo hiyo uliofanyika Vancouver, Kanada, ndipo maazimio yale yalipokataliwa rasmi na majuto yakaelezwa. Miaka 130 ilikuwa imepita. Kwa hiyo mzazi wa mtoto kiziwi akisema anataka mwanawe awe mahali penye walimu na watoto wenzake wanaotumia lugha ya alama, mimi simwiti mpinzani wa elimu jumuishi. Mkataba wenyewe wa Umoja wa Mataifa unataka lugha ya alama ifundishwe na mtoto asome katika lugha na mazingira yanayomkuza zaidi. Kumkalisha kiziwi mmoja kati ya watoto hamsini wanaosikia, mbele ya mwalimu asiyejua ishara hata moja na anayezungumza akiwa ameugeukia ubao, ni kumtenga hadharani.

Sasa niseme juu ya mzigo, maana mwalimu anayesoma haya huenda amekwisha kukasirika. Darasa la watoto themanini lenye mwalimu mmoja ni jambo zito, na mtu asiyewahi kusahihisha madaftari themanini kwa usiku mmoja hana budi kuwa na staha anapotutaka tumwandalie kila mtoto mpango wake wa kujifunza. Tunapimwa kwa wastani wa mtihani, tunaambiwa tumalize muhtasari ifikapo mwezi fulani, kisha tunaambiwa tumsubiri anayekwenda polepole. Maagizo haya mawili yanapingana, na anayeyatoa yote mawili kwa mkono mmoja anamwachia mwalimu achague ni mtoto yupi wa kumwacha. Nikiulizwa nini kibadilishwe kwanza, nitataja jambo hili kabla ya semina yoyote: shule isiadhibiwe kwa kumpokea mtoto ambaye alama zake zitakuwa za chini.

Wazazi wa watoto wengine nao huja na hofu yao kwamba wanao watarudishwa nyuma, na walimu wengi tumeikubali hofu hiyo bila kuihoji. Mwaka 2016 Thomas Hehir, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na wenzake walipitia tafiti zipatazo 280 kutoka nchi 25, wakaeleza kwamba kusoma pamoja hakuonekani kuwadhuru watoto wasio na ulemavu, na mara nyingi kuna faida katika namna wanavyohusiana na watu. Nakumbuka wale wa madawati ya nyuma katika darasa la mwenzangu, na sishangai.

Shule zilizo na uwezo huajiri wasaidizi wa darasani, na wengi hudhani huo ndio mwisho wa tatizo. Utafiti mkubwa uliofanyika katika shule za Uingereza na Wales kati ya mwaka 2003 na 2008 ulikuta kinyume cha matarajio: wanafunzi waliopata msaada mwingi zaidi wa wasaidizi walipiga hatua ndogo kuliko wenzao waliofanana nao ambao hawakusaidiwa kiasi hicho. Kosa halikuwa la wasaidizi. Mwalimu alipomwona mtu mzima mwingine ameketi na mtoto, aliondoa macho yake na kuwaendea wengine, na mtoto aliyehitaji mwalimu bora kuliko wote akabaki na mtu ambaye hakupewa mafunzo wala maandalio ya somo. Msaidizi ni neema kubwa pale mwalimu anapomtuma akae na darasa ili yeye mwenyewe aketi na mtoto yule.

Yote haya yananirudisha kwenye matarajio. Mwaka 1968 Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walichapisha jaribio ambalo walimu wa shule moja ya msingi nchini Marekani waliambiwa kwamba watoto fulani, takriban mmoja katika kila watano, walikuwa karibu kuchanua kiakili. Kwa kweli majina hayo yalikuwa yameteuliwa kwa bahati nasibu. Baada ya mwaka, hasa katika madarasa mawili ya chini kabisa, watoto waliotarajiwa kuchanua walionekana wamepanda zaidi ya wenzao. Jaribio lile limekosolewa sana kwa upande wa takwimu, na wataalamu wengi wanaamini kwamba athari ya matarajio ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa wakati ule. Naikubali tahadhari hiyo. Lakini mimi nilikuwa na ushahidi wangu wa upande wa pili: mtoto ambaye mwalimu wake alitarajia tarehe, akapata tarehe.

Baada ya kikao kile cha wazazi nilimwomba yule mama aniambie anamfundishaje nyumbani. Aliniambia kwamba mtoto hujibu hesabu kwa mdomo kila jioni, na kwamba nikijipa muda wa kumzoea nitamwelewa. Nilimzoea baada ya wiki mbili hivi. Nilimtafutia daftari lenye miraba mikubwa, tukaizungushia penseli yake kitambaa hadi ikawa nene kama kidole gumba, tukalibana daftari mezani kwa vibanio ili lisiteleze. Wenzake walipopewa maswali kumi, yeye nilimpa manne kati ya yale yale kumi, nikamwambia kwamba nitayasahihisha kama ya wengine.

Siku ya kwanza alimaliza matatu kabla ya kengele, na la nne akalimaliza wakati wenzake wakitoka nje. Matatu yalikuwa sahihi. Katika la nne, 7 mara 8, aliandika 54. Kalamu nyekundu ilinigomea mkononi. Moyo wa zamani uliniambia nimwonee huruma, ameandika kwa taabu, niipitishe tu. Niliweka alama ya kosa. Aliitazama kwa muda mrefu, akanitazama mimi, kisha akamwita mwenzake aliyekuwa mlangoni arudi ndani, akamwonyesha kwa kidole. Ilikuwa alama ya kwanza ya kosa katika daftari lake tangu aanze shule.

Kesho yake asubuhi, kabla ya mstari, nilimkuta amenitangulia mezani pangu na daftari likiwa wazi. Chini ya ile 54 palikuwa na 56, imeandikwa kwa nguvu hata karatasi ikatoboka. Niliiwekea vema, nikampa swali jingine.